Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Kugawa Diski Bila Kupoteza Kumbukumbu za Parokia



Swali ambalo kamati za parokia zimekuwa zikituletea mara kwa mara ni hili: kompyuta ya ofisi inawaka, inachapa barua, inatunza hesabu za VICOBA na orodha za watoto wa komunyo ya kwanza, sasa kwa nini fundi anasema muda wake umekwisha? Swali ni la haki, hasa kwa kuwa kompyuta nyingi tulizo nazo zimetolewa na marafiki wa parokia kwa kujinyima, na kusafirishwa kwa gharama. Makala hii inalijibu, kisha inaeleza njia moja ya kuzitumia kompyuta hizo kwa miaka kadhaa zaidi: kugawa diski kuu na kuweka mifumo endeshi miwili ndani ya kompyuta moja.

Kilichotokea

Mfumo endeshi ni programu mama ambayo bila hiyo kompyuta ni sanduku tu. Ndiyo inayoipokea kazi yako kutoka kwenye vitufe, kuihifadhi kwenye diski na kuipeleka kwenye printa. Kompyuta nyingi za parokia zetu zina Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha kutoa masahihisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja uliotangazwa kwa watumiaji wa nyumbani. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai prosesa za karibuni na kijichipu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kwa hiyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 haizikubali.

Kompyuta haikuharibika. Kilichokoma ni ule ukarabati wa kuziba matundu ambayo wezi na virusi hupitia. Hali hii si ngeni: Windows XP iliachwa Aprili 2014, na Windows 7 ikaachwa Januari 2020. Kila mara, mashine nzuri zilijikuta stoo zikiwa zimefunikwa kitenge.

Kamati ina njia tatu. Ya kwanza ni kununua kompyuta mpya, na parokia yenye uwezo huo hatuizuii. Ya pili ni kuendelea kama kawaida, huku mashine ikiingia kwenye intaneti bila kinga. Ya tatu ni kuiacha Windows ilipo kwa kazi zinazoihitaji, na kuweka pembeni yake mfumo wa pili unaopata masahihisho hadi leo, bila malipo. Ofisi yetu inapendekeza ya tatu kwa kompyuta za ofisi za parokia. Kwa zile za darasa la vijana, tunaona Linux peke yake inatosha, kwani mwanafunzi anayejifunza kuandika, kupiga hesabu kwenye majedwali na kutumia intaneti hahitaji mifumo miwili.

Linux ni nini?

Linux ilianza mwaka 1991 kwa kazi ya Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Aliitoa wazi ili yeyote aitumie, aisome ilivyotengenezwa na kuirekebisha. Toka hapo zimezaliwa aina nyingi. Inayojulikana zaidi kwetu ni Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la Kibantu, ndugu wa neno letu “utu”. Nyingine ni Linux Mint, ambayo wengi waliozoea Windows huiona haina ugeni mwingi.

Wenye kumbukumbu watakumbuka pia kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kufanyia hesabu kwa Kiswahili. Mrithi wa OpenOffice, yaani LibreOffice, huja na aina nyingi za Linux na hufungua barua na majedwali yaliyotengenezwa kwa Word na Excel. Jedwali lenye mapambo mengi huenda likapoteza mpangilio kidogo. Hesabu zenyewe hubaki.

Mbona basi tusiifute Windows kabisa ofisini? Kwa sababu parokia nyingi zina programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows tu, au printa ambayo haina programu yake upande wa Linux. Halafu kuna katibu muhtasi aliyezoea. Kumbadilishia mtu kila kitu siku moja ni kumfanya aichukie kompyuta, na kazi ya parokia ikarudi kwenye karatasi.

Kugawa diski kuna faida gani?

Diski kuu ni ghala la kompyuta. Huweza kugawanywa katika sehemu kadhaa, na kila sehemu kompyuta huiona kama diski inayojitegemea. Kompyuta nyingi za msaada hufika zikiwa na sehemu moja kubwa, ile herufi C, ambamo Windows yenyewe na mafaili yote ya parokia yamelala pamoja. Ni sawa na kuhifadhi gunia la mbegu jikoni. Windows ikivurugika, fundi wa mtaani hufanya analolijua: “anapiga Windows” upya. Akifuta sehemu ya C, na orodha za ubatizo zilizonakiliwa kutoka vitabuni kwa miezi zinaondoka pamoja nayo. Vitabu vyenyewe vipo, lakini nani ataketi kuzinakili tena?

Kwa hiyo hata parokia isiyotaka Linux tunaishauri igawe diski. Sehemu moja iwe ya Windows, nyingine ya Linux kama itakuwepo, na ya tatu tuipe jina la KUMBUKUMBU. Humo ndimo yakae mafaili yote ya parokia. Mfumo wowote ukifutwa na kuwekwa upya, sehemu hiyo haiguswi.

Tuchukue diski ya gigabaiti 500. Kompyuta itaonyesha kama 465 hivi, na wanakamati wasidhani wameibiwa: mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Mgawanyo unaofaa ni gigabaiti 120 za Windows na programu zake, 50 za Linux, na 290 hivi za KUMBUKUMBU. Zinazobaki huchukuliwa na sehemu ndogo za kuwashia ambazo hazionekani kwa kawaida. Diski ndogo ya 160, ambayo huonekana kama 149, inaweza kupewa 70 kwa Windows, 30 kwa Linux na 45 kwa kumbukumbu. Watengenezaji wa Ubuntu wanataka angalau gigabaiti 25 za diski na 4 za kumbukumbu ya muda, ile iitwayo RAM. Linux Mint inaweza kuanza na 2 za RAM, ingawa 4 ndizo zinazofaa. Chini ya hapo mashine itakwenda kwa kusuasua.

Sehemu ya KUMBUKUMBU ipangwe kwa mtindo wa NTFS. Linux husoma na kuandika kwenye NTFS, lakini Windows kwa kawaida haioni sehemu zilizopangwa kwa mtindo wa Linux, uitwao ext4. Kuna anayependelea FAT32 kwa kuwa kila mashine huijua. Hiyo haipokei faili lolote linalofikia gigabaiti 4, na video ya upadirisho hufika hapo upesi.

Kabla ya kugusa chochote

Hapa tunawaomba wanakamati wasome polepole, hata wale ambao kazi yenyewe wataiachia fundi.

Nakala kwanza. Mafaili yote ya parokia yanakiliwe kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ichomekwe kwenye kompyuta nyingine na mafaili matatu au manne yafunguliwe pale mbele ya katibu. Fundi anayesema “hakuna haja, nimefanya hivi mara nyingi” asiruhusiwe kuanza.

Pili, umeme. Kugawa diski ni kuhamisha mipaka na wakati mwingine mafaili yenyewe, na umeme ukikatika katikati, kilichokuwa njiani kinaweza kupotea. Kompyuta mpakato iwe na betri iliyojaa. Kompyuta ya mezani iunganishwe kwenye UPS inayofanya kazi kweli, si ile inayolia tu. Anzeni asubuhi, si saa kumi na moja jioni fundi akiwa anawahi gari.

Tatu, Linux ijaribiwe kabla ya kuwekwa. Ubuntu na Mint huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ni hatua inayorukwa mno, nayo ndiyo inayookoa fedha: ndani ya nusu saa mtajua kama printa inachapa, kama intaneti isiyo na waya inashika, kama sauti inatoka. Ikishindikana, zimeni, toeni flashi, na kompyuta iko kama ilivyokuwa.

Nne, Windows iandaliwe. Windows 10 ina tabia iitwayo “Fast startup”: unapoizima, haizimiki kabisa, inasinzia ikiwa imeishikilia diski. Linux ikiikuta hivyo hukataa kuandika kwenye sehemu zake, au ikiandika kwa nguvu mafaili huharibika. Kitu hicho kizimwe. Vilevile mkague kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, tafuteni ule ufunguo wa tarakimu 48 na kuuandika mahali salama kabla ya yote, maana kompyuta inaweza kuudai mara tu mtakapobadilisha namna inavyowaka.

Kazi yenyewe

Tunashauri Windows ipunguzwe kwa kutumia chombo chake yenyewe, kiitwacho “Disk Management”. Ukiigusa sehemu ya C kwa kitufe cha kulia utaona maneno “Shrink Volume”. Mara nyingine chombo hicho hukataa kupunguza zaidi ya nusu hata kama diski ni tupu, kwa kuwa kuna mafaili ya Windows yaliyokaa katikati ambayo hayahamishwi mfumo ukiwa unafanya kazi. Fundi mwenye ujuzi anazo programu za kufanya hivyo Windows ikiwa imelala. Kama nafasi iliyopatikana inatosha, msilazimishe.

Nafasi ikipatikana, tengenezeni sehemu ya KUMBUKUMBU papo hapo ndani ya Windows, na kiasi cha Linux kiachwe wazi bila kupangwa. Hapa kompyuta za zamani zina mtego. Mwaka 1983 IBM ilitoa kompyuta ya PC XT yenye diski ya megabaiti 10, na mfumo wa DOS 2.0 ukaja na jedwali la mipaka lenye nafasi nne tu. Kwa diski ile, nne zilikuwa nyingi mno. Jedwali hilo, liitwalo MBR, liliendelea kutumika kwa miongo mitatu, na kompyuta nyingi za msaada bado zinalo. Mtengenezaji huwa ameshachukua nafasi mbili au tatu kwa mambo yake, na ukiongeza sehemu moja zimejaa. Fundi akijaribu ya tano, Windows humwambia kwamba diski itageuzwa kuwa ya aina ya “dynamic”. Ajibu hapana! Akikubali, kuweka Linux kutakuwa kugumu na kuirudisha diski ilivyokuwa ni kazi. Njia sahihi ni kuifanya mojawapo ya nafasi nne kuwa sehemu pana inayobeba sehemu nyingine ndani yake. Kompyuta za karibuni zina jedwali jipya liitwalo GPT, ambalo katika Windows hubeba hadi sehemu 128.

Baada ya hapo washeni kompyuta kwa flashi ya Linux. Flashi iwashwe kwa namna ileile Windows inavyowaka, ama kwa BIOS ya zamani ama kwa UEFI ya sasa. Zikichanganywa, mifumo miwili haitaonana. Utafika ukurasa unaouliza Linux iwekwe wapi. Jibu moja ni kuiweka kando ya Windows. Jingine linaanza na maneno “Erase disk”, yaani futa diski nzima, na kompyuta itatii bila huruma: Windows, KUMBUKUMBU, vyote. Tunaomba katibu au mwanakamati awepo kwenye ukurasa huo na asome pamoja na fundi kabla kitufe hakijabonyezwa.

Windows itangulie, Linux ifuate. Linux huja na programu ndogo iitwayo GRUB, ambayo kompyuta ikiwashwa huonyesha orodha na kuuliza: leo unataka upi? Windows ikiwekwa baadaye mara nyingi hujiweka mbele na kuificha Linux, ingawa Linux yenyewe huwa bado ipo. Kwa sababu hiyohiyo, siku mkiamua kuiondoa Linux msifute tu sehemu yake. GRUB itabaki ikiitafuta, na kompyuta itasimama kwenye skrini nyeusi mpaka njia ya Windows ya kuwaka irudishwe.

Jambo dogo litakalowashangaza ni saa. Windows huandika saa ya hapa kwenye kompyuta. Linux kwa kawaida huandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Matokeo yake katibu anaingia Windows saa nne asubuhi na kuonyeshwa saa moja, na stakabadhi zinatoka na muda usio wake. (Na wageni wetu, ambao tayari wanahangaika na saa zetu za Kiswahili, ndio wanachanganyikiwa kabisa.) Dawa ni amri moja upande wa Linux: timedatectl set-local-rtc 1.

Mambo mawili ambayo kugawa hakufanyi

Kugawa diski si kuhifadhi nakala. Sehemu tatu ziko juu ya diski moja, na diski ikifa, au kompyuta ikiibwa, zote zinakwenda. Diski ya nje ya nakala lazima iwepo, na isikae droo ileile na kompyuta. Tungependa kila kamati iweke fungu la diski hiyo kwenye bajeti kabla ya kufikiria rangi ya printa.

La pili halijulikani sana, nasi linatutia wasiwasi zaidi. Nywila ya Windows hailindi mafaili dhidi ya mtu aliyewasha kompyuta kwa Linux. Diski isipofungwa kwa usimbaji, Linux huyafungua bila kuuliza. Kijana yeyote mwenye flashi na dakika kumi anaweza kusoma orodha ya wagonjwa wanaotembelewa majumbani, au nani anadaiwa kiasi gani katika kikundi cha kukopesha. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza habari za watu azilinde. Parokia yenye mafaili ya namna hiyo iyafunge kwa programu ya usimbaji, na majina ya wanaojua ufunguo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Wawe wawili, mmoja akihamishwa, asiondoke nao.

Mkishakuwa na mifumo miwili, kazi za intaneti na barua pepe zifanyike upande wa Linux. Upande wa Windows 10 ubaki kwa programu ya uhasibu, waya wa mtandao ukiwa umechomolewa.

Kwa wafadhili wetu

Wafadhili wetu wapendwa, mnapotuandalia kompyuta zilizotumika, kufuta mafaili yenu kwa njia ya kawaida hakuyaondoi kwenye diski. Tumieni programu ya kufuta kabisa, au mwombeni fundi wenu. Lakini tafadhali msiing'oe diski yenyewe, kwani kompyuta isiyo na diski hutulazimu kununua. Ondoeni nywila ya BIOS na kuifungua BitLocker kabla ya kufunga boksi. Chaja ije na kompyuta yake. Anayetaka kuongeza kitu, aongeze RAM au diski ya aina ya SSD: hakuna kinachoifufua mashine ya miaka kumi kuliko hivyo. Vitufe vya Kijerumani, ambavyo Z na Y zimebadilishana mahali, si tatizo. Vijana wetu huzoea ndani ya wiki.

Kukabidhiwa kazi

Kamati isisaini malipo ya fundi mpaka yafuatayo yafanyike mbele ya katibu na mweka hazina: kompyuta iwashwe kwa Windows, ifunguliwe barua moja kutoka KUMBUKUMBU, iongezwe mstari mmoja na kuhifadhiwa. Izimwe. Iwashwe kwa Linux, ifunguliwe barua ileile, ule mstari uonekane, na nakala ichapwe kwenye printa ya ofisi. Karatasi hiyo, ikiwa na mgawanyo wa diski ulioandikwa nyuma yake kwa kalamu pamoja na tarehe, iwekwe kwenye faili la vifaa vya parokia. Fundi mwingine atakayekuja mwakani ataanzia hapo.